Mvule Wenye Namba Saba

Ijumaa niliyokabidhi ofisi nilirudisha vitu vinne: darubini yenye lenzi moja iliyochubuka, kamba ya kupandia miti, mizani ya kutundika na funguo za kabati la mafaili. Bwana wa stoo aliandika kila kimoja, akapiga mhuri, akauliza, "Kuna kingine, mama?" Nikasema hakuna. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba kipo, ila hakikuwa na nafasi kwenye fomu yake. Nakiandika hapa, pamoja na mengine mliyoniomba ninyi mnaobaki kazini.

Vyeo nitaviruka, maana havikufupisha hata njia moja niliyopita kwa miguu. Mshahara nao hauna la kusimulia.

Nilizaliwa Biharamulo mjini, kwenye nyumba ya duka. Babu alifika huko na bidhaa zake akitokea pwani, akaoa, hakurudi. Nilikulia kati ya marobota ya kanga na madebe ya mafuta ya taa, na ndege niliowajua ni kunguru na kuku. Niliporudi kutoka chuoni na barua ya kazi ya kuchunguza ndege mbuai, yaani tai, pungu, kipanga na jamaa zao, mama aliisoma mara mbili.

"Kupanda miti?" akasema. "Mwanangu, hata kuku hujawahi kumshika akatulia."

Alisema kweli. Kipanga wa kwanza niliyemshika ili nimvishe pete ya mguuni aliniachia kovu kwenye kidole gumba, ninalo hadi leo. Yeye aliondoka bila pete.

Nilipangiwa kufanya kazi na Novati, mpandaji wetu wa miti, mtu wa Bisibo, mrina asali tangu utoto wake. Alikuwa mfupi, mbishi, mvuta ugoro, na aliamini kwamba kalamu inaharibu macho. Siku ya kwanza alinipeleka porini, akasimama chini ya mninga, akanyoosha kidevu juu.

"Unaona nini?"

"Kiota, mzee."

"Cha nani?"

"Cha tai."

"Tai yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi unaona vijiti."

Akaketi, nami nikaketi. Tulikaa hapo hadi jua likatuvuka, tai hakuja, na kwenye daftari langu jipya niliandika neno moja: vijiti. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Novati alinifundisha kutazama chini kabla ya kutazama juu. Kinyesi cheupe kwenye majani ya chini, manyoya yaliyodondoka, vidonge vya matapishi ambavyo ukivipasua unakuta nywele na mifupa ya aliyeliwa. Chini ya kiota cha tai mwenye shungi, yule mkubwa wa msituni anayewinda nyani wadogo, utaokota mafuvu ya tumbili na kwato za paa wadogo, na hapo hata tai asipoonekana siku hiyo unajua ni nyumba ya nani. Hayo yote Novati aliyajua kabla hatujamletea kitabu. Mengine aliyoyajua sikuyaandika. Aliniambia pungu akipita juu ya nyumba kimya kimya, mgonjwa aliyemo atapona. Nikamwuliza, na akipiga kelele? Akanitazama kwa huruma. "Basi amepiga kelele."

Mwezi ule wa kwanza nilifunga utepe wa kitambaa kwenye mti wa kiota ili niupate tena. Novati aliukata kwa panga bila kuniuliza.

"Huku mti wenye alama una mwenyewe," akasema. "Mrina asali akiona hiki kitambaa atajua kuna mtu amemtangulia, atamtafuta ni nani. Kesho watu wanashikana mashati kwa ajili ya utepe wako."

"Sasa nitaukumbukaje mti?"

"Nyumba ya mama yako uliifunga kitambaa?"

Tangu siku hiyo alinilazimisha kuueleza kila mti kwa sauti, kama unavyomweleza mtu: huyu ana kigongo, huyu amegeukia kijito, huyu aliwahi kuungua mguu. Niliona ni upuuzi. Baada ya misimu miwili nilikuwa natembea porini nikiwasalimia.

Kazi ilipopanuka hadi Ngara, watu walinipa jina. Kuna bwana shamba, kuna bwana nyuki, mimi nikawa Mama Ndege. Jina hilo lilikuja na majukumu. Katika kijiji cha Mbuba niliwahi kusimamishwa njiani na mama mmoja aliyeshika manyoya ya kuku.

"Mama Ndege, mtoto wako amenilia tetea."

"Mama, si wangu yule. Ni kipanga wa porini."

"Kama si wako unamhesabu wa nini?"

Nimestaafu bila kupata jibu la swali hilo.

Novati aliacha kazi magoti yalipomkataa, akarudi Bisibo kwenye mizinga yake. Muda mfupi baadaye tuliletewa mwongozo mpya, uliotaka kila mti wa kiota uwe na namba kwenye shina, ili mtu yeyote atakayekuja baada yetu aupate bila kutuuliza. Lilikuwa wazo zuri, na mimi ni mtu wa utaratibu. Nilianza Biharamulo kwa vibati vidogo vya alumini vilivyopigwa namba. Havikumaliza mwezi. Kimoja nilikutana nacho baadaye kwenye mgahawa, kimeziba tundu la sufuria ya chai, namba yangu inasomeka vizuri kabisa.

Nikahamia kwenye rangi. Ngara nilipaka miti sita kwa rangi nyeupe, kopo likaisha. Dukani walikuwa wamebakiwa na nyekundu tu. Nikanunua nyekundu, nikapaka miti mitano iliyobaki, namba saba hadi kumi na moja. Daftari langu la siku hiyo linasema: "Na. 7, mvule, bonde la kijito, Keza. Rangi nyekundu, nyeupe imekwisha dukani." Niliandika hata hilo. Sikujiuliza mtu mwingine ataisomaje rangi ile, na Novati hakuwepo na panga lake kunizuia.

Mvule ule ulikuwa na jozi ya pekee ya tai wenye shungi niliyoithibitisha katika bonde lile. Mnajua ndege hawa hawana haraka. Wanalea kinda mmoja, na wakimaliza kumlea, mwaka wa pili unakuwa umeshaingia. Jike alikuwa na mazoea ya kuleta vitawi vya majani mabichi kiotani kila baada ya siku chache, akivipanga ukingoni kama mtu anayetandika kitanda. Msimu huo kinda alikuwa ameshaota manyoya. Alisimama ukingoni akapiga mabawa, akaogopa, akarudi katikati.

Asubuhi niliyowatembelea tena nilishuka kwenye bodaboda Keza, nikafuata njia ya miguu kushuka bondeni. Niliona anga kabla sijaona kisiki. Palikuwa na mwanga mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga. Shina lilikuwa limeshapasuliwa mbao na kuondolewa; vumbi la msumeno lilikuwa bado linanukia. Kinda alikuwa chini ya vijiti vya kiota, amekufa. Jike alizunguka juu akilia mlio ule unaopanda na kushuka. Nilimpima kinda urefu wa bawa, nikampima uzito kwa mizani ya kutundika, nikaandika, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Kisha nikaketi chini, nikaandika ripoti kwa hasira: mti umekatwa bila kibali. Maneno hayo mawili, bila kibali, niliyaandika bila kumwuliza mtu.

Siku mbili baadaye alikamatwa Evodi, mpasuaji mbao wa Keza, mtu wa makamo, baba wa watoto watatu. Evodi alikuwa na kibali. Ofisi ya misitu ilikuwa imeruhusu miti michache kuvunwa upande ule, kila mmoja umepakwa namba nyekundu, naye alipewa orodha. Namba saba ya orodha yake ilikuwa mti wa mkora ulioko juu ya mteremko. Mkora ule ulikutwa umesimama na namba yake. Kwa hiyo karatasi zilisema hivi: ameacha mti wake, ameshuka bondeni kukata mti mkubwa zaidi usio wake. Karatasi zote zilikuwa dhidi yake, na nzito kuliko zote ilikuwa yangu. Hakupata wa kumdhamini, akawekwa rumande.

Niliitwa mahakamani Ngara kueleza habari za ndege. Nilieleza vizuri. Nilipokaa, Evodi akapewa nafasi ya kujitetea.

"Mheshimiwa, mti ule ulikuwa na namba saba," akasema. "Nyekundu. Nimeambiwa nikate namba saba, nimekata namba saba."

Mwendesha mashtaka akamwuliza, "Mkora na mvule huwezi kuitofautisha?"

"Naweza."

"Orodha yako inasema nini?"

"Inasema mkora. Nilidhani aliyeandika ndiye aliyekosea. Aliyeandika alikuwa mezani. Aliyepaka alikuwa amesimama mbele ya mti."

"Na hiyo namba iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye banzi la nje. Mabanzi waliyachukua akina mama kupikia."

"Kwa hiyo ushahidi umeiva na maharage," mtu mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka hadi hakimu akagonga meza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona kopo lile mkononi mwangu, na brashi, na michirizi iliyonidondokea kwenye kiatu. Ningeweza kusimama. Nilikuwa hatua nne kutoka mahali pa shahidi. Nilibaki nimekaa, mikono juu ya mkoba, na daftari likiwa ndani ya mkoba. Kesi ikaahirishwa wiki mbili kwa ajili ya hukumu.

Nje, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alinisogelea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ni Agripina, mke wa Evodi. Mama, wewe umesoma, wewe watakusikiliza. Waambie namba ilikuwepo. Evodi hawezi uongo, mama. Hata akitaka hawezi. Akijaribu mdomo unamcheza, hata watoto wanamcheka."

Nikamwambia nitaona. Hilo ndilo jibu nililompa: nitaona.

Nilinyamaza siku tisa. Naziandika kwa sababu nyingine zote za kazi yangu zimo kwenye madaftari na hizo tisa hazimo. Nilikwenda ofisini, nikasafisha darubini, nikapanga mafaili. Nilijiambia kwamba kazi yetu ya Ngara itafungwa, kwamba vijiji vitatukataa, kwamba tai wengine watakosa mtu wa kuwasemea. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Niliogopa kuonekana. Siku ya tisa nilikuwa nakunywa chai nyumbani, nikafikiri juu ya Evodi akinywa uji wa rumande, na chai ikanikataa.

Nilimpelekea mwendesha mashtaka daftari, likiwa limefunguliwa ukurasa wake. Alilisoma akiwa amesimama.

"Mama, unajua unachofanya? Unaivunja kesi yako mwenyewe."

"Haikuwa yangu," nikasema. "Kosa ndilo langu."

Hakuwa mtu mbaya. Aliomba nirudishwe kutoa ushahidi, nami nikasoma mstari ule mbele ya hakimu: namba saba, mvule, rangi nyekundu, nyeupe imekwisha dukani. Hakimu aliandika taratibu, kisha akainua kichwa.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa, mheshimiwa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba itaonekana mti ule nimeukata mimi."

Akaliandika na hilo. Evodi aliachiwa. Alipita mbele yangu mlangoni bila kunitazama, na Agripina, aliyepiga goti mara ya kwanza, safari hii hakunisalimia.

Nilimwuliza mwenyekiti wa kitongoji chao jinsi ya kwenda kumwomba radhi.

"Mikono mitupu haiendi," akasema. "Huku mwenye kosa analeta pombe ya ndizi, wazee wanakaa, anasema kosa lake kwa mdomo wake, wanakunywa wote pamoja."

"Mzee, mimi ni Mwislamu."

"Na kosa lako ni la dini gani?"

Kwa hiyo nilibeba pombe, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, kwenye dumu la njano nililolipakata nyuma ya bodaboda, nimejitanda ushungi vizuri. Dereva alikuwa ananitazama kwenye kioo. "Bi mkubwa," akasema, "tukikutana na shehe, dumu hili ni langu au lako?" Nikamwambia atazame njia.

Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye ua wa Evodi, yeye kwenye kigoda pembeni. Nilisimama nikasema: nilipaka mti alama bila kumwambia mtu wa hapa, nilimwandikia mtu kosa bila kumwuliza, nilijua ukweli nikakaa nao siku tisa.  Mzee mmoja akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Wakaniambia nikae, pombe ikamiminwa kwenye kibuyu, mirija ikaingizwa.

"Huyu atakunywaje?" mzee mmoja akauliza. "Tukimpa atachomwa moto, tusipompa hatujamsamehe."

Wakabishana hapo, kwa Kihangaza na Kiswahili, kuhusu dini yangu kana kwamba sipo. Agripina ndiye aliyeamua. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo cha umutobe, maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile, hayajachachuka.

"Ni ndizi zilezile," akawaambia wazee. "Ila hazijapata muda wa kuharibika."

Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu kuliko nilivyojua.

 Wazee walipoanza kuzungumza habari za mvua ndipo Evodi akanigeukia.

"Miti mingine uliyoipaka nyekundu ni mingapi?"

"Minne."

"Kuna wenzangu wana orodha kama yangu. Kesho asubuhi twende."

Tulikwenda, yeye na panga, mimi na brashi ya waya. Miti ile minne ilikuwa imetawanyika kwenye mabonde mawili, na kutwa nzima tulitembea tukizungumza machache: shika hapa, kwangua juu zaidi, angalia usiumize gamba la ndani. Alikuwa na mkono mwepesi. Rangi ilitoka na vipande vyembamba vya gamba, na alivifukia kwa mguu ili mtu asiviokote.

Kwenye mti wa mwisho, namba kumi na moja, mkora wenye kiota cha kipanga, tulipumzika kabla ya kuanza. Evodi alisema bila kunitazama:

"Nilimsikia."

"Nani?"

"Kinda wa mvule ule. Alikuwa analia kule juu. Na mama yake alinizunguka kichwani, karibu anipige mbawa. Mwenzangu aliyeshika kamba akaniambia, Evodi, tuuache, una kiota huu. Nikamwambia, waliopaka namba walisimama hapahapa. Kiota walikiona. Kama wao walikiona na bado wakapaka, mimi na wewe ni nani?"

Nilitafuta la kumjibu. Jozi ile ya tai sikuiona tena katika bonde lile miaka yote iliyonibakia kazini, na kila msimu nilikwenda kutazama, na kila msimu nilikuwa bado nalitafuta jibu lile. Siku hiyo nilichoweza ni kuinuka na kuanza kukwangua. Yeye akaja upande wa pili wa shina. Moja ya kwanza ikatoka, kisha moja ya pili. Kipanga alitupigia kelele juu, hatukuinua vichwa.

Rangi ilipokwisha Evodi alipitisha kiganja pale palipokuwa na namba, akakitazama kama kina wekundu. Hakikuwa nao.

"Sasa ni mti tu," akasema, akachomeka panga kiunoni, akatangulia njiani.